Msichana Mwenye Mupepo Kifuani

Mvua zilipokuwa zinaishia mwaka huu, kitinda mimba wangu alikuja kunisalimu hapa Kumsenga, akitokea Mwanza anakosoma. Hakuleta sukari wala mkate. Baada ya shikamoo na marahaba alifungua begi, akatoa kasha gumu lenye ukubwa wa misale ya kanisani, akaniwekea mapajani.

"Fungua, mama. Halafu utaniambia kama siyo yenyewe."

Juu ya kasha palikuwa na picha ya msichana amesimama juu ya paa la nyasi, miguu peku, mkononi ameshika sindano ya kuezekea yenye urefu wa mkono wake. Nyasi zinaruka pande zote. Nilijikuta nimepiga ishara ya msalaba kabla sijasema neno, naye kijana akacheka sana, akidhani nimeogopa. Sikuogopa, rafiki yangu. Nilimshukuru Mungu. Msichana yule nilimfahamu nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, tukiishi Kasulu, na nilikuwa na hakika kwamba duniani hakuna tena anayemkumbuka.

Ndani mlikuwa na diski sita na kijitabu cha michoro ya penseli, ile waliyoichora mafundi wa Kijapani kabla ya kutia rangi. Kijana alinieleza kwamba wameitafuta filamu ya zamani, wakaisafisha picha moja moja, wakaitoa upya ili watu waitazame nyumbani. "Wameinyoosha, mama. Ukiangalia utadhani imechorwa jana." Nikamwambia awashe. Tukakaa mchana kutwa, mimi na yeye, chai ikapoa kwenye vikombe.

Sasa nikueleze nilivyomfahamu msichana huyo, kwa maana habari yake ni pia habari ya kosa langu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi dereva mmoja wa lori, na mkewe alikuwa ametoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, wakati ule nchi yao ikiitwa Zaire. Sisi tulimwita Mama Mzaire, basi. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti nzito, mwepesi wa kucheka, na alivaa vitenge vyenye rangi ambazo mama zetu walisema ni za kupigia kelele. Mumewe alimletea televisheni ndogo, deki, na jenereta iliyokohoa kama mzee kabla ya kuwaka. Kaka yake mama huyo, aliyekuwa akifanya kazi Bujumbura, alimpa kanda saba za video katika maganda ya karatasi ngumu. Ukizipanga kwa mfuatano, migongo ya yale maganda iliungana ikawa paa moja refu la nyasi. Nilizipanga mara nyingi kuliko nilivyopanga vyombo vya mama yangu.

Kila Jumapili baada ya Misa, tukishakula ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese, watoto wa mtaa tulikwenda kwake. Hakuna aliyeingia bila kazi. Katikati ya chumba aliweka ungo mkubwa na gunia la maharage ya shambani kwake, yakiwa bado kwenye maganda, akasema, "Macho ni ya kuangalia, mikono ni ya kumenya. Vyote viko vya Mungu, visilale." Basi tulimenya. Mpaka leo nikisikia ganda kavu la harage likipasuka, pua yangu inanusa petroli, na masikio yanasubiri ule muziki wa filimbi uliofungua kila sehemu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya michoro, imetengenezwa Japani, na watu wake walizungumza Kifaransa walichotiwa baadaye. Kifaransa hakuna aliyekijua mtaani isipokuwa yeye. Kwa hiyo alisimama kando ya televisheni, ungo mwingine kiunoni, akatusemea watu wote: wazee, watoto, farasi, hata vivuli.

Msichana alikuwa fundi wa kuezeka. Alitembea kijiji hadi kijiji akiziba mapaa, kwa sababu katika nchi ile, nyumba yenye msiba ambao haukuliliwa hutoboka paa lenyewe, na kwenye tundu hilo huingia vivuli. Vivuli havikuwa na haraka. Vilikaa jikoni, vikala sauti za watu wa nyumba mmoja mmoja, mpaka familia nzima inakula chakula bila kuzungumza. Fundi akifika, alipanda juu na sindano yake na kamba, na huko ndiko yalikofanyika mapigano. Sijaona hadi leo mapigano yaliyochorwa kwa heshima kama yale. Kwanza kulikuwa na ukimya. Unaona kidole cha mguu kikitafuta mahali pa kukanyaga. Kisha nyasi zote za paa zinalala upande mmoja kwa pamoja, kama shamba la ulezi, nawe unajua anachotaka kufanya.

Kifuani mwake mlikaa upepo. Alizaliwa nao. Aliweza kuuachilia mara moja tu katika kila pigano, nao ulivikumba vivuli vikatoka mbio kama moshi. Lakini ukishatoka, yeye hakubaki na pumzi. Alianguka pale pale juu ya paa, midomo imekauka, na upepo ule haukurudi mpaka mmoja wa watu wa nyumba, wale waliokwisha kunyang'anywa sauti, atoke nje na kumwita. Hiyo ndiyo sheria ambayo mtungaji hakuivunja hata mara moja. Fundi hakuweza kujiokoa. Aliyeokolewa ilimpasa aokoe.

Unaweza kufikiri tulivyokuwa. Fundi akianguka, watoto kumi na watano tunaacha maharage, tunapiga kelele kwa Kiha, "Garuka! Garuka!", yaani rudi, rudi, kana kwamba familia ya mle ndani ya kioo inatusikia. Mama Mzaire alituacha tuite mpaka tukauke koo, ndipo na yeye aseme neno la mtoto au bibi kizee anayetoka mlangoni. Kanda ya tano ililowa maji ikawa inaruka ruka, picha mistari mitupu. Hakuiruka. Aliisimulia yote kwa kichwa, na kila Jumapili ilikuwa na mwisho tofauti. Tulimwambia, "Mama, wiki iliyopita mfalme wa kanda hii alikufa." Akakubali, "Njo vile. Leo amepona. Mnataka afe kila siku, kwani amewakosea nini?"

Na katika maneno yake yote, moja tulilipenda kuliko mengine. Fundi akisimama wima, mikono nyuma, yeye aliinua kidole na kusema polepole, "Muangalie, batoto. Huyu binti iko na mupepo mu kifua. Sasa anauachilia mu-pe-po!"

Sisi tuliozoea Kiha nyumbani, Kiswahili tulikuwa tunajifunza shuleni na kanisani. Na kanisani neno lililofanana na hilo tulilijua kwa maana moja tu.

Mwaka ule nilikuwa katika mafundisho ya kipaimara. Mwalimu wetu wa dini alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alitupenda kwa namna ya watu wasiojua kusema kwamba wanapenda. Jumamosi moja alikuwa akitufundisha habari za Roho Mtakatifu, jinsi anavyomtia mtu nguvu asiyokuwa nayo. Akauliza nani anaweza kutoa mfano. Mkono wangu ulikuwa juu kabla ya swali kwisha.

"Mwalimu, kama yule binti wa kwa Mama Mzaire. Yeye ana mapepo kifuani, na akiyaachilia yanawapiga wabaya wote!"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alivua miwani.

"Ana nini kifuani?"

"Mapepo, mwalimu."

"Na Mama Mzaire anasemaje?"

"Anatuambia tuangalie."

Alifunga daftari lake taratibu. Akasema kwamba mtoto yeyote anayekwenda katika nyumba ile asitegemee kumwona baba askofu mwaka huu, mpaka yeye mwenyewe aridhike. Kisha akatuma salamu kwa wazazi.

Ndugu yangu, neno baya halihitaji lori. Kufika Jumapili mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mke wa dereva anafuga mapepo, ameyafungia kwenye maganda ya karatasi, na idadi yake ni saba kamili, kama yale ya kwenye Injili. Bombani wanawake walisogeza ndoo zake nyuma bila kumtazama. Gunia lake la maharage lilikaa katikati ya chumba bila mkono wa mtu. Lakini hilo lote angelivumilia. Lililomvunja lilikuwa la jumuiya. Kila wiki jumuiya yetu ndogo ndogo ilisali nyumba moja, kwa zamu, ikifuata mstari wa nyumba. Wiki ile ilikuwa zamu yake. Alifagia uwanja, akachemsha mahindi, akatandika mikeka. Na watu wakapita mbele ya mlango wake na rozari zao mkononi, wakaenda nyumba ya nne.

Nilikuwa katikati yao. Nilimwona amesimama mlangoni na kitenge chake kizuri. Alidhani tumekosea njia, akanyoosha mkono kutuonyesha: "Ni hapa! Zamu iko kwangu!" Hakuna aliyegeuka. Mkono ule ulikaa hewani muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Usiku huo nilimweleza bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa amekuja kutoka Heru Juu kututembelea na mfuko wa unga. Nilimweleza kwamba neno ni langu, mimi ndiye niliyelipeleka kwa mwalimu, na kwamba sasa sijui hata kama nilisema kweli, kwa maana yule binti wa kwenye filamu ni mwema. Bibi hakunipiga. Alisema, "Neno umelipeleka kwa mdomo. Kulirudisha utakwenda kwa miguu." Jumamosi iliyofuata aliniamsha mapema, akanishika mkono mpaka nyumbani kwa mwalimu.

"Mwakeye, mwalimu. Hayo mapepo umeyaona?"

"Sijayaona, mama."

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Sijamwuliza."

"Basi twende tukamwulize. Mimi ni mzee, nikifa na hayo mapepo sitakuwa nimepoteza kitu kikubwa."

Alikuja. Nitamheshimu mpaka kufa kwangu kwa kuwa alikuja, kwa maana ni rahisi zaidi kwa mtu wa dini kubaki na hukumu yake kuliko kuitembeza mchana watu wakiona. Alivaa koti lake la Jumapili, akabeba chupa ya maji ya baraka. Nyuma yetu watoto walijipanga kimya, na nyuma ya watoto mama zao, waliojifanya wanatafuta kuku.

Mama Mzaire alitupokea mlangoni. Kanda zote saba alikuwa amekwisha kuzitia kwenye mfuko wa salfeti. Alimkabidhi mwalimu bila kumkaribisha.

"Muchukue, mwalimu. Muchome. Mi nimechoka. Nilikuja huku nikajua niko kwa bandugu."

Mimi nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi nikalia, nikasema ni mimi, ni mimi niliyesema. Alinitazama kwa mshangao. Nadhani mpaka dakika ile hakujua kosa lake ni lipi.

Mwalimu aliurudisha mfuko mikononi mwa mama yule. "Sikuja kuchoma, dada. Nimekuja kuona. Tafadhali, tuonyeshe kama unavyowaonyesha watoto."

Jenereta ikakohoa, ikawaka. Mwalimu alinyunyizia maji ya baraka kwenye deki, na bibi akamwambia kwa sauti, "Kidogo kidogo, baba, mashine ya watu hiyo!" Filimbi ikalia. Mama Mzaire alianza kutafsiri kwa sauti ya chini, kama anayesoma barua ya msiba. Lakini ile filamu haikubali kusimuliwa hivyo. Fundi alipopanda paa, sauti ilianza kupanda naye. Aliposimama wima, mikono nyuma, mama yule alikuwa amesahau koti la mwalimu na chupa yake. Kidole kikainuka.

"Huyu binti iko na mupepo mu kifua!"

"Hapo," akasema mwalimu. "Simama hapo, dada. Mupepo ni kitu gani?"

"Mupepo? Mupepo ni mupepo, mwalimu."

"Ni roho mbaya?"

"Roho mbaya gani? Haujui mupepo?" Aliangaza macho chumbani, akauona ungo wenye maganda makavu ya maharage. Akachota kiganja kizima, akakiinua mbele ya uso wa mwalimu, akajaza mashavu na kupuliza. Makapi yote yakaenda kwenye koti la Jumapili, kwenye miwani, kwenye ndevu.

"Huu! Huu njo mupepo!"

Bibi yangu alipiga makofi. "Yoo! Umuyaga! Anasema umuyaga!"

Ndivyo tunavyouita upepo kwa Kiha. Mama Mzaire akarukia hapo hapo: "Njo! Umuyaga, mupepo, si kitu kimoja?"

"Upepo," akasema mwalimu, kama mtu anayeweka mzigo chini. "Anasema upepo." Aliniangalia mimi, makapi yakining'inia kwenye uzi wa miwani yake. "Mtoto wewe! Upepo!" Akaanza kucheka. Sikuwahi kumwona akicheka, na hakujua kucheka vizuri, alitoa sauti kama ya mbuzi, na nyumba nzima ikamfuata, na wale mama wa kuku dirishani wakafuata.

Kicheko kilipokwisha filamu ilikuwa inaendelea. Upepo umekwisha kutoka, fundi amelala juu ya paa, na mle ndani familia imekaa kimya mezani, hakuna anayenyanyuka. Sisi watoto, kwa hofu ya mwalimu, tulibana midomo. Mama Mzaire naye hakusema kitu. Sekunde zikaenda. Midomo ya fundi ikawa myeupe. Ndipo nilipomsikia mwalimu wetu wa dini, ameinamia mbele, chupa ya maji ya baraka ameisahau kati ya magoti yake, akisema kwa sauti ndogo sana, "Garuka, mwana wanje." Rudi, mwanangu.

Siku iliyofuata kanisani, kabla ya matangazo ya ndoa, aliomba nafasi. Hakunitaja. Alisema amemhukumu mwanamke kwa neno ambalo hakuuliza maana yake, na kwamba lugha ya jirani si dhambi. Nami katika mafundisho nilisimamishwa kueleza tofauti ya upepo na pepo, ambayo leo, baada ya miaka mingi ya kuwa katekista, mwalimu wa dini, bado naieleza, na kila mara nashangaa jinsi maneno hayo yalivyo jirani. Siku ya Pentekoste mitume waliketi chumbani wakasikia uvumi kama wa upepo, na waliokuwa nje wakawadhania wamelewa. Mtu akisikia upepo asioujua huupa jina baya. Nilipopakwa krisma, mafuta ya kipaimara, na baba askofu nilifumba macho, na kilichonijia ni makapi ya maharage.

Jumuiya ilirudi nyuma nyumba moja. Mama Mzaire hakuamini kwamba watakuja, hata mahindi hakuchemsha, na watu walipojaa ilibidi wengine wakalie magunia.

Tumewatazama tena, mimi na mwanangu, wote: vivuli, farasi, yule bibi kizee mlangoni. Kazi ni nzuri kuliko nilivyokumbuka. Sasa naona kwamba mikono ya fundi ina makovu madogo ya kamba, jambo ambalo kioo cha mtaani kwetu hakikuweza kuonyesha, na kwamba kila paa limefumwa kwa namna ya mahali pake. Waliochora walijua kazi ya mikono, na waliipenda. Namwombea kila aliyeshika penseli ile. Kwenye diski unachagua lugha: Kijapani, Kifaransa, Kiingereza. Maandishi yanapita chini, hakuna anayehitaji kumwuliza mwenzake neno. Mwanangu aliweka masikioni vile vidude vyake, asinisumbue, akaendelea peke yake na diski ya pili.

Nyumba zile za Kasulu zimejengwa upya kwa matofali. Mwalimu na bibi wamelala makaburini. Yule dereva alihamishwa kazi, mkewe akafuatana naye, kisha tukasikia wamevuka kwenda kwao, kisha hatukusikia kitu.

Lakini jioni ile jumuiya iliporudi kwake, wakati wa maombi ya nyumba, kiongozi alisimama kumwombea mwenye nyumba kama desturi, akafungua mdomo, akasita. Aliangalia kushoto na kulia akisubiri mtu amnong'oneze. Hakuna aliyeweza. Miaka minne tulikuwa tumekula maharage yake na kuchota naye maji, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua jina lake la ubatizo. Ikabidi alitaje yeye mwenyewe, amepiga magoti, mbele ya watu wote. Nimelitaja tena leo asubuhi katika sala zangu.